Kukatwa Titi: Jina Moja kwa Operesheni Nyingi

Mwanamke anayeelezwa kwamba ana saratani ya titi, na kwamba hapana budi apasuliwe, aghalabu hubaki na maneno mawili tu masikioni mwake: kukatwa titi. Maneno hayo ndiyo atakayomchukulia mumewe nyumbani, ndiyo atakayomnong'oneza dada yake, na ndiyo atakayoyalalia usiku kucha akiyapima. Katika lugha ya wodini, katika vipindi vya afya vya redio na katika mazungumzo ya watu, operesheni zote za saratani ya titi huingizwa katika kapu hilo moja. Ilhali operesheni zenyewe hazifanani. Moja humwacha mtu na titi lake, limepungua kidogo upande mmoja. Nyingine huondoa titi, ngozi yake, misuli ya kifua iliyo chini yake na vyote vilivyomo kwapani, hata mbavu zikahesabika kwa macho. Kuziita zote kwa jina moja ni sawa na kuita kupaliza na kufyeka msitu kwa jina moja, kwa kuwa kazi zote mbili hutumia chuma.

Makala haya yanakusudia kulihakiki jina hilo pamoja na majina mengine yanayotajwa kushika mahali pake. Vigezo vya kawaida vya uundaji wa istilahi, yaani iktisadi, sarufi na upatanifu na istilahi za mataifa mengine, tunavifahamu na hatuvidharau. Hata hivyo tunapenda kuanza na kigezo kingine ambacho wanaistilahi tumekuwa wepesi wa kukisahau: je, mgonjwa anayelisikia jina hilo atajua ni nini kitakachoondoka mwilini mwake, na ni nini kitakachobaki?

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kukata ni neno lenye kazi nyingi mno. Twakata kamba, twakata tiketi, twakata shauri, twakata tamaa. Kwa upande wa mwili, lugha yetu ina kawaida ambayo haijaandikwa popote lakini kila mzungumzaji huifuata: kiungo cha nje hukatwa, cha ndani hutolewa. Mtu hukatwa mguu au kidole, lakini hutolewa kizazi na hutolewa kidole tumbo. Husikii mtu akisema kwamba jirani yake amekatwa kizazi. Titi, kwa kuwa laonekana, limewekwa katika fungu la mguu na mkono, na papo hapo limerithi uzito wa fungu hilo. Maana kukatwa mkono, katika fikra za watu, si tiba peke yake bali ni adhabu pia. Mgonjwa asiye na kosa husikia katika kitenzi hicho harufu ya hukumu.

Lakini kasoro kubwa zaidi si hiyo. Kitenzi kukata huonyesha pigo moja la kisu juu ya kitu kinachoning'inia, kumbe mpasuaji hafanyi hivyo. Yeye huipasua ngozi, huitenga taratibu na nyama ya titi, kisha hulibandua titi kutoka juu ya msuli wa kifua, na mara nyingi huingia kwapani kutafuta tezi. Huko kwapani kuna mishipa ya fahamu na mishipa ya damu ya mkono, na ndiko yanakotoka madhara ambayo mwanamke ataishi nayo baada ya kovu kupona: ganzi ya sehemu ya mkono, bega kuwa gumu, na wakati mwingine mkono kuvimba kwa sababu maji ya limfu yamekosa njia. Jina "kukatwa titi" halina habari na kwapa hata kidogo. Basi mwanamke hushangaa akiona kwamba titi ndilo lililokatwa, na mkono ndio unaovimba.

Neno titi lenyewe halina haja ya kubadilishwa. Wako wazee wa pwani wanaopendelea ziwa, na msemo wa kumwachisha mtoto ziwa ungali hai kila mahali. Hata hivyo neno ziwa limebeba mzigo wa maji ya Tanganyika na Viktoria, na wingi wake umebeba maziwa ya ng'ombe. Katika fomu ya hospitali titi latosha.

Sasa tuitazame historia ya operesheni hizi, kwa kuwa majina yake hayakuzuka hewani. Mwaka 1894 William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alitangaza matokeo ya wanawake 50 aliowapasua kwa njia ambayo alikuwa ameianza miaka 12 kabla yake. Aliondoa titi pamoja na ngozi pana iliyolifunika, msuli mkubwa wa kifua na vyote vilivyomo kwapani, vikitoka kwa pamoja kama pande moja. Mwaka huohuo Willy Meyer wa New York alieleza njia inayokaribiana nayo, akauondoa na msuli mdogo wa kifua. Wapasuaji wa Ulaya wa wakati ule walikuwa wakiona saratani ikirudi palepale penye kovu kwa wagonjwa wao walio wengi. Halsted alitoa taarifa kwamba kwake ilirudi kwa watu 6 tu katika kila 100. Haishangazi, basi, kwamba kwa muda wa karibu miaka 80 operesheni yake ilishika usukani pande zote za dunia ambako kulikuwa na chumba cha upasuaji.

Operesheni hiyo ikaitwa mastektomia radikali. Neno radikali latoka katika Kilatini, lugha ambayo neno lake la mzizi ndilo asili yake. Hapa ndipo mwanaistilahi wa Kiswahili anaposhawishika sana, maana lugha yetu inacho kitenzi ambacho Kilatini na Kiingereza vingekionea wivu: kung'oa. Jino hung'olewa, kisiki hung'olewa, muhogo hung'olewa. Na katika kila mfano mzizi hutoka pamoja na shina. "Ung'oaji titi" ni istilahi fupi, ni ya Kibantu kindakindaki, yashikamana na asili ya neno la Kilatini, na inatofautishwa wazi na ukataji na uondoaji. Kwa vigezo vya kawaida vya kamati ya istilahi ingepita bila ya mjadala.

Nasi twasema isipite. Uzuri wa neno hilo ndio ubaya wake. Kitu kilichong'olewa hakichipui tena. Ndivyo mkulima ajuavyo, na ndivyo mgonjwa atakavyoelewa. Halsted naye alielewa hivyo. Aliamini kwamba saratani huanzia mahali pamoja na kutambaa kuelekea nje, hatua kwa hatua, kupitia njia za limfu, kama magugu yanavyotambaa shambani. Kwa hiyo mwenye kuchimba mbali zaidi ndiye atakayeimaliza. Lakini wanawake waliong'olewa kila kitu kifuani waliendelea kufa, si kwa saratani iliyorudi kifuani bali kwa ile iliyotokeza katika mifupa, katika ini na katika mapafu. Ilikuwa imekwisha kusafiri kabla kisu hakijagusa ngozi. Istilahi ya ung'oaji, kwa hiyo, ingekuwa inafundisha nadharia ambayo tiba yenyewe imeiacha, na ingempa mgonjwa ahadi ambayo hakuna daktari awezaye kuitia sahihi. Kamati zetu hupima kama neno ni sahihi kisarufi na kama ni aminifu kwa neno la asili. Ni mara chache kupima kama neno la asili lilikuwa kweli.

Tafsiri nyingine ya radikali inayopatikana ni "kali". Hii imetoka katika lugha ya magazeti, ambako mwenye siasa za namna hiyo huitwa mtu wa siasa kali. Mastektomia kali! Sidhani kwamba inahitaji uhakiki mrefu. Dawa huwa kali, pilipili huwa kali, na mbwa pia. Mgonjwa aliyekwisha kuogopa hana haja ya kuongezewa ukali.

Mwaka 1948 David Patey na W. H. Dyson wa hospitali ya Middlesex, London, walieleza namna ya kuondoa titi na tezi za kwapani huku wakiuacha msuli mkubwa wa kifua mahali pake. Katika miaka ya 1960 Auchincloss na Madden, nchini Marekani, wakaendelea mbele na kuiacha misuli yote miwili. Tofauti kwa mgonjwa ni kubwa: kifua hakibonyei, bega lina nguvu, na nguo hukaa. Njia hii ndiyo ambayo mkutano wa wataalamu ulioitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani mwaka 1979 uliipendekeza ishike nafasi ya ile ya Halsted kwa saratani zilizo katika hatua za mwanzo. Na ndiyo inayofanywa kwa wingi hata leo katika hospitali nyingi za Afrika.

Jina lake la kigeni, likifasiriwa neno kwa neno, ni "mastektomia radikali iliyorekebishwa". Tulitazame jina hilo kwa makini, maana ni mfano bora wa istilahi inayozungumza na wapasuaji peke yao. Linasema kwamba kulikuwako na kitu, nacho kimebadilishwa. Limebadilishwa nini? Halisemi. Kwa mpasuaji aliyesomea Baltimore katika miaka ya 1950 jina hilo lilikuwa na maana kamili, kwa kuwa alikijua kile cha zamani kabla ya kukiona kipya. Kwa mama wa Sumbawanga ni fumbo juu ya fumbo: anatakiwa aelewe operesheni atakayofanyiwa kwa kuilinganisha na operesheni ambayo haifanywi tena ila kwa nadra sana. Lugha iliyobuni jina hilo inabanwa na historia yake. Kiswahili hakikuwapo chumbani wakati jina lilipotolewa, na kuchelewa huko kwaweza kuwa faida, mradi tusikimbilie kurithi madeni ya wengine.

Jina la tatu ni "mastektomia sahili", na wengine husema "rahisi". Ni operesheni ya kuondoa titi lote bila ya misuli na bila ya kuzisafiri tezi za kwapani. Robert McWhirter wa Edinburgh aliitetea tangu miaka ya 1940, akiifuatisha kwa mionzi. Usahili wake ni usahili kwa mpasuaji. Kwa mwenye titi hakuna usahili wowote. Titi limekwenda lote. Mgonjwa akisikia "upasuaji rahisi" atadhani ameponea, kisha atakapofunguliwa bandeji atahesabu kwamba amedanganywa, na kwa haki. Tangu mwanzo ingefaa kusema "lote".

Hapa kuna mtego mdogo ambao wataalamu wa lugha hatuna budi kuuonyesha, kwa kuwa daktari hawezi kutazamiwa kuuona. Wengi wakitaka kueleza kwamba titi halikubakishwa husema "titi zima". Neno zima lina maana mbili: kisichopungua, na kilicho na afya. "Tutaondoa titi zima" yaweza kusikika kama tangazo kwamba titi litakaloondolewa ni lile lisilo na ugonjwa. Katika jambo jingine kosa hilo lingekuwa la kuchekesha. Mbele ya mgonjwa anayeulizwa ni titi la upande gani, si la kuchekesha. "Titi lote" halina utata huo.

Ulinganisho wa njia hizi haukubaki kuwa maneno matupu ya wapasuaji, kila mmoja akisifia mkono wake. Kuanzia mwaka 1971 Bernard Fisher na wenzake nchini Marekani waliwagawa wanawake 1,665 kwa kura. Wale ambao tezi zao za kwapani hazikuonekana kuwa na ugonjwa waligawanywa mafungu matatu: operesheni ya Halsted, kuondolewa titi lote na kupigwa mionzi, na kuondolewa titi lote peke yake, kwapa likiachwa mpaka dalili itokee. Baada ya miaka 25 urefu wa maisha katika mafungu hayo haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Jambo moja katika matokeo hayo laleta fikra. Katika fungu la Halsted, tezi zilipochunguzwa baada ya kutolewa, wanawake kama 40 katika kila 100 walikutwa na saratani kwapani. Kura ilikuwa ya haki, kwa hiyo fungu lililoachiwa kwapa lingepaswa kuwa na idadi ileile. Lakini humo hawakufika 20 katika 100 ambao baadaye ugonjwa uliwatokeza kwapani hata wakahitaji kupasuliwa tena.

Kwapa lina matatizo yake ya istilahi. Utoaji wa tezi zote za hapo watu wengine huuita "kusafisha kwapa", tafsiri ya moja kwa moja ya jina la kigeni. Kila Mswahili, mume kwa mke, anajua kusafisha kwapa ni nini, na hufanya mwenyewe nyumbani kwa wembe. Mgonjwa akitia sahihi karatasi iliyoandikwa hivyo hajaridhia kitu. Iandikwe "kutoa tezi za kwapani".

Hata neno tezi halina amani. Titi lenyewe ni tezi kwa maana ya elimu ya viumbe, kwa kuwa hutoa maziwa. Shingoni kuna tezi. Na wanaume wana tezi dume. Wako wanaopendekeza mitoki, neno zuri la wenyeji. Lakini mtoki ni uvimbe utokezao kinenani au kwapani mtu akiwa na kidonda. Ni jina la dalili, si la kiungo. Mtu mwenye afya hana mitoki, ila tezi za limfu anazo. Kwa hiyo tunaona heri kuacha "tezi za limfu" iendelee, kwa kuwa imekwisha kuzoeleka, na mitoki ibaki na kazi yake ya asili, ambayo daktari ataihitaji atakapouliza: "Mama, umeona mitoki kwapani?"

Kadhalika kuna ile tezi ya kwanza kupokea limfu kutoka kwenye uvimbe. Tangu miaka ya 1990 wapasuaji wamejifunza kuitafuta kwa rangi ya buluu au kwa chembe za mnururisho, wakaitoa peke yake au pamoja na moja mbili zilizo jirani, na ikiwa haina saratani kwapa zima huachwa. Jina "tezi mlinzi" limeanza kusikika. Silipendi. Mlinzi kazi yake ni kuzuia, na tezi hiyo haizuii; kazi yake kwa mpasuaji ni kutoa habari. Akiambiwa kwamba mlinzi wake ametolewa, mgonjwa atauliza nani atamlinda sasa. "Tezi ya mlangoni" yatosha: yaeleza mahali, wala haidai sifa.

Tumefikia operesheni ambazo hazistahili kabisa kuitwa kukatwa titi, nazo ndizo zinazodhulumiwa zaidi na jina hilo. Geoffrey Keynes wa London alikuwa amekwisha kutumia sindano za radiamu katika miaka ya 1920 na 1930, akitoa uvimbe tu au hata kuacha kupasua, lakini wapasuaji wenzake hawakumfuata. Mwaka 1973 Umberto Veronesi alianza Milan kuwagawa kwa kura wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2: nusu kwa njia ya Halsted, nusu kwa kutolewa robo ya titi pamoja na tezi za kwapani, kisha mionzi. Mwaka 2002, zaidi ya miaka 20 tangu kuanza, idadi ya waliofariki katika mafungu hayo mawili ilikuwa karibu sawa. Fisher naye alianza mwaka 1976 jaribio jingine lililohusisha wanawake 1,851, ambamo ulitolewa uvimbe wenyewe na ukingo wake mdogo. Maisha yalikuwa sawa na ya walioondolewa titi lote.

Twaiteje operesheni hii? Kitenzi kinachokuja mdomoni ni kumega. Amegaye mkate hauharibu mkate. Unabaki kuwa mkate, una pengo tu. Hakuna kitenzi kinacholingana zaidi na jambo hili. Pia hatukubaliani na wale watakaosema kwamba ni neno la sahani na tonge, kwa kuwa majina ya mwili mengi yametoka nyumbani na shambani bila ya aibu. Pingamizi lenye uzito ni jingine: mitaani neno kumega limepewa kazi ya utani wa mapenzi, na mke wa mtu "akimegwa" hakuna anayefikiria mkate. Baraza la lugha laweza kulipuuza neno la mitaani kamusini. Haliwezi kumpa mwanamke mgonjwa neno litakalomfanya achekwe kisimani. Kumega basi kumetuponyoka, na ni hasara.

Lakini hasara hiyo yatusukuma kwenye njia iliyo bora. Badala ya kutaja kilichotolewa, tutaje kilichobaki: "upasuaji wa kubakiza titi". Tukishaitazama historia yote kwa jicho hilo, inanyooka. Patey alibakiza msuli. Auchincloss na Madden wakabakiza misuli yote. Veronesi na Fisher wakabakiza titi. Wa miaka ya 1990 wakabakiza kwapa. Kila hatua tangu 1894 ni hatua ya kubakiza. Mtu aitakaye njia ya Halsted ataiandika kwa urefu wake unaostahili: kuondoa titi lote, misuli ya kifua na tezi za kwapani. Ile ya Patey na waliomfuata: kuondoa titi lote na tezi za kwapani, kwa kubakiza misuli. Ile iliyoitwa sahili: kuondoa titi lote, kwa kubakiza kwapa. Ile iliyoelezwa mwaka 1991, ambayo ngozi huachwa kama mfuko ili titi jipya lijengwe ndani yake: kuondoa nyama yote ya titi kwa kubakiza ngozi. Na pale ambapo saratani haipo karibu na chuchu, kwa kubakiza ngozi na chuchu. Katika hii ya mwisho daktari aongeze kwa mdomo kile ambacho istilahi haiwezi kubeba, kwamba chuchu iliyobaki haitanyonyesha, na yaelekea haitahisi kama zamani.

Itasemwa kwamba haya ni maelezo, si istilahi. Kwamba iktisadi imevunjwa. Ni kweli kwamba ni marefu. Wapasuaji wakitaka neno fupi kati yao wanalo, mastektomia, na kutohoa huko hatukukatazi; litakaa vizuri na ndugu zake apendektomia na histerektomia katika vitabu vya chuo. Lakini fomu ya ridhaa si kitabu cha chuo. Tukumbuke utaratibu uliokuwa wa kawaida nchini Marekani hadi miaka ya 1970: mwanamke alilazwa kwa nusukaputi, kipande cha uvimbe kikagandishwa na kutazamwa kwa hadubini papo hapo, na kikionekana kuwa saratani titi liliondolewa bila ya yeye kuamshwa. Hakujua ataamka na titi au bila titi. Ndivyo alivyopasuliwa Betty Ford, mke wa rais wa nchi hiyo, mwezi Septemba 1974. Ridhaa iliyotolewa kwa neno moja, kwa mambo ambayo hayajajulikana, ndiyo iliyowezesha utaratibu huo. Na wagonjwa, miongoni mwao mwandishi Rose Kushner, ndio waliosimama kudai hatua mbili zitenganishwe. Maneno machache yana gharama yake, na mara nyingi si mwandishi wa istilahi anayeilipa.

Tusije tukaeleweka kwamba twapendelea kubakiza kwa kila mtu. Katika jaribio la Fisher la 1976, waliotolewa uvimbe bila ya mionzi waliona saratani ikirudi katika titi lilelile kwa kiasi cha 39 katika 100 kwa miaka 20. Waliopata mionzi, 14. Mionzi si nyongeza bali ni sehemu ya operesheni, na fomu iseme hivyo: "kubakiza titi na kupigwa mionzi". Nayo mionzi haiko kila mahali. Nchini Tanzania kwa miaka mingi ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake, kabla ya Bugando, Mwanza, kuanza. Na ratiba ya kawaida huchukua majuma matatu hadi matano, siku kwa siku. Mama mwenye watoto wadogo na shamba lililo mbali na mji, au ambaye uvimbe wake umekwisha kuwa mkubwa na kupasua ngozi, huenda kuondolewa titi lote kukawa uamuzi wa busara kwake, bila ya kuwa amenyimwa kitu. Tunalotaka ni kwamba auchague akijua, na kwamba yule ambaye angeweza kubaki na titi lake asikimbie hospitali kwa kuwa neno pekee alilolisikia lilikuwa kukatwa.

Limebaki jambo dogo la baada ya operesheni. "Titi la bandia" linatumika ovyo kwa vitu viwili: pamba au silikoni inayovaliwa ndani ya sidiria na kuvuliwa usiku, na titi ambalo wapasuaji hulijenga mwilini kwa nyama ya tumbo au ya mgongo, au kwa kuingiza mfuko chini ya msuli. La kwanza ni bandia kwa haki, kama meno na mguu wa bandia. La pili likiumbwa kwa nyama ya mwenyewe si bandia hata kidogo. Damu yake yapita humo. Tunapendekeza liitwe "titi la kujengwa", na yule asiyetaka lolote kati ya hayo mawili, aliyeridhika na kifua chake kilivyo, fomu imwachie mstari wake.